Viganja vya Meza ya Nne

Gervas Nikolao wa Chiwata aliishia darasa la saba, lakini mwandiko wake ulikuwa mzuri, na ndio uliompa ukarani wa mizani katika kiwanda cha kubangua korosho pale Masasi. Miaka kumi na moja alikalia kiti kile kile. Kila saa kumi alasiri akina mama walipanga mstari, kila mmoja na beseni lake la korosho nzima, naye akapima, akaandika, asiseme neno. Hata mkewe Flora, aliyebangua kwenye meza ya nne, alimtania mbele za watu: "Baba Huruma, soma basi kwa sauti! Kilo haziumwi koo!"

Flora alifariki mwaka mmoja kabla kiwanda hakijauzwa. Alikohoa miezi mitano, akakonda mpaka gauni likawa linamning'inia, lakini kazini hakukosa, na kilo zake hazikushuka. Sita. Sita na robo. Sita. Daftari la mwaka ule lilipojaa Gervas alilichukua nyumbani, akalitunza kama wengine wanavyotunza picha. Kila alipolifungua alijiambia, mke wangu alikuwa na nguvu mpaka wiki ya mwisho.

Mwaka wa tisini na nane serikali ikauza kiwanda, na mwenye kiwanda mpya akamleta Bwana Walter, mtaalamu wa mambo ya wafanyakazi. Huyu alitaka kujua jambo moja: je, namna watu wanavyosimamiwa inaongeza korosho, au haiongezi? Akawafundisha akina mama wiki nzima, kisha akamwita Gervas.

"Mwezi mmoja, karani. Pima kila mtu peke yake. Wa mwisho katika kila meza ataondoka, halafu tuone uzalishaji utapandaje."

Wengi wa wanawake wale walikulia upande wa Kitangari, ambako maji huteremkiwa bondeni na kupandishwa kichwani. Anayejikwaa njiani akamwaga, wenzake humchotea kila mmoja kikombe kimoja, asifike kwake na ndoo tupu. Desturi hiyo waliingia nayo kiwandani. Aliyeamkia siku mbaya, kabla ya kupanga mstari, kila mmoja alimtilia kiganja cha korosho. Hakuna aliyeomba wala aliyeshukuru. Gervas aliona, akatazama pembeni. Mambo ya wanawake, alidhani, tena madogo.

Mwezi ule wa kupimwa viganja vilikoma. Kila mtu alikumbatia beseni lake. Aliyebaki akitoa ni Scholastika wa meza ya nne peke yake, Mama Gideoni, akimtilia Theodora, ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa hospitali ya Mkomaindo na yeye akilala sakafuni wodini.

"Mama Gideoni, utakuja kulia," Sikuzani, jirani yake mezani, alimnong'oneza.

"Nimeshalia mengi, hilo litanishinda? Bangua huko, mdomo haujazi beseni."

Mwezi ulipoisha, Scholastika alikuwa na wastani wa kilo nne na nusu kwa siku. Wa mwisho meza ya nne.

"Namba hizi ni za kweli?" Bwana Walter aliuliza.

Gervas alijua korosho za Scholastika ziliishia beseni la Theodora. Akisema, meza nzima itaitwa ya wezi, na yeye aliyenyamaza miaka yote ataulizwa. Na mizani haikuwa imekosea.

"Za kweli, bosi."

Ijumaa Scholastika akaambiwa asirudi. Alipita penye mizani, jivu la kujikinga na mafuta makali ya maganda bado liko vidoleni.

"Baba Huruma, ulikuwa unaona."

"Nilikuwa naona, Mama Gideoni."

"Basi. Nilidhani ungesema, japo kwa ajili ya Mama Huruma."

"Flora anaingiaje hapo?"

Scholastika alimtazama kama mtu anayegundua kwamba habari ya msiba haijamfikia mfiwa.

"Miezi ile ya mwisho alikuwa hawezi kuvunja hata ganda moja. Alikaa tu pale. Tulimjazia sisi, meza nzima. Alituapisha tusikwambie. Alisema unafurahi ukiziandika kilo zake."

Mwezi uliofuata meza ya nne ilishuka kuliko zote. Aliyeamka vibaya alibaki kwao, kuliko kuonekana na beseni tupu. Theodora hakurudi kabisa. Bwana Walter alipekua karatasi zake, akamwita karani. Mafunzo wamepata, aliye dhaifu ameondolewa. Sasa nini tena?

Gervas aliweka mezani daftari alilokuwa akilitunza nyumbani, akaonyesha jina la Flora.

"Huyu ni mke wangu, bosi. Kilo hizi hakuzibangua yeye; walimjazia wenzake wa meza ya nne, kiganja kwa kiganja."

Bwana Walter alitazama. "Kwa hiyo mlikuwa mnadanganya tangu zamani."

Gervas aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza akaanza kusoma, kwa sauti, kama alivyokuwa akiombwa siku zote.

"Sita," alisema. "Sita na robo. Sita."

Bwana Walter alimwambia inatosha. Gervas hakuacha kusoma.