Ukucha wa Mama Mwenye Lori

Juzi nilipeleka pikipiki yenye pancha gereji moja ya Ujiji. Pembeni, injini ya lori la dizeli ilikuwa imefunguliwa, vyuma vimetandazwa juu ya gunia. Mama mwenye lori, mchuuzi wa ndizi za Kalinzi, alishika orodha ndefu ya spea aliyoandikiwa na fundi.

"Silinda kweli zimelika?"

"Pitisha ukucha humu ndani, mama. Pakiwa pazima, unateleza."

Ukucha ukakwama kwenye ukingo ulioachwa na msuguano wa pistoni.

"Ego, sawa, hizi nanunua."

Kisha, bila kuambiwa, akapangusa krenki, ule mhimili mzito wa injini, kwa pindo la kitenge, akapitisha ukucha. Ukateleza. Akarudia kila shingo, pale krenki inapozungukia, polepole, hadi ya mwisho.

"Na hii umeiandika ya nini?"

Fundi akakuna kichwa. "Hiyo ni kwa usalama tu, mama."

"Usalama wa nani?"

Fundi mwenyewe akaikata kwenye orodha. Alifundisha kipimo kimoja, kikaanza kumpima yeye.

Nilicheka, mpaka nilipokumbuka pikipiki yangu. Nilikuwa nimeshakubali kununua tairi jipya kwa neno la fundi tu, na hata kuinama kulitazama la zamani sikuinama.