Nakala ya Kumi na Sita

Yule mwanamke aliingia studio asubuhi, kabla sijamaliza kufuta vumbi kaunta, akasema anataka kuiona picha ya mama yake. Nikamwuliza ni picha ipi. Akasema ni ile ya mama wa beseni, iliyopigwa Ujiji. Hapo hapo nikajua ametumwa.

Nieleze kwanza kwa nini nilijua. Studio ni ya baba yangu, ipo mtaa wa Mwanga, si mbali na Ujiji, karibu na mafundi cherehani, na mimi ndiye ninayeiendesha tangu mtoto wa jicho alipomharibia macho. Miezi miwili kabla ya asubuhi hiyo, alitujia mtu wa sanaa kutoka Dar es Salaam. Aliipenda picha moja ya zamani ya baba: mwanamke pale mwaloni Ujiji, mitumbwi ya wavuvi inapotia nanga, beseni la dagaa kichwani, anacheka. Akasema itasafishwa nakala kumi na tano tu, kwa karatasi nzuri. Kila moja baba ataiandika namba kwa penseli na kutia sahihi, kisha negativu, ile filamu yenyewe, itakatwa, ili anayenunua awe na hakika kwamba hakuna ya ziada duniani.

Baba aliona ni heshima. Mimi niliona ni ujanja ambao sijaujua jina lake bado. Kwa nini alileta karatasi ishirini kama nakala ni kumi na tano? Akasema moja ni ya mpiga picha mwenyewe, zilizobaki ni za majaribio. Basi nikakaa naye chumba cha giza siku tatu, na kila ya majaribio nikaichana kwa mkono wangu. Alipotoa mkasi wa kukata negativu, nikamwambia mkasi aniachie mimi. Nikaikata vipande vinne mbele yake. Baba aligeukia ukutani. Maisha yake yote hakuwahi kukata negativu. Kwetu mtu akipoteza picha yake anarudi, hata baada ya miaka, na anasafishiwa nyingine.

Ikabaki ile nakala ya kumi na sita, isiyo na namba. Mkataba na yule mtu wa Dar ulisema ni ya baba, isiuzwe, isitolewe, isipigwe picha. Nilikuwa na hakika kwamba siku moja atatuma mtu kutupima kama tunautimiza. Sasa mtu mwenyewe alikuwa amesimama mbele yangu, kitenge kimechakaa lakini kimepigwa pasi, viatu vya plastiki vina udongo mwekundu.

"Unatoka wapi?" nikamwuliza.

"Kidahwe, dada. Ila kwetu ni Burundi."

"Nani kakwambia yule ni mama yako?"

"Mama mdogo. Alisikia kanisani kwamba picha ya mama wa beseni imepelekwa Dar. Akasema dada yake alibeba dagaa Ujiji miaka hiyo, na mpiga picha wa Mwanga alimpiga."

"Beseni lilikuwa la rangi gani?"

"Sijui. Sijawahi kuiona."

Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya pazia, akacheka. "Wewe, picha yenyewe ni nyeusi na nyeupe. Unamwuliza rangi?"

Sikucheka. Nikamwuliza mgeni anaitakia nini hiyo picha.

"Nilikuwa na miaka tisa alipofariki," akasema. "Sauti yake naikumbuka. Mikono yake naikumbuka. Uso ndio unanitoka. Unakuja nusu, halafu unaondoka. Nikiuona mara moja tu, itatosha."

Maneno yale yaliniuma, sitasema uongo. Lakini hata matapeli wana mama zao. Na nilimjua baba: huyu dada akilia kidogo tu, mzee atamwambia achukue nakala aondoke nayo, na kesho tutaitwa waongo mpaka Dar, yeye aliyefanya kazi hii tangu ujana wake bila doa. Nikaapa moyoni kwamba haitatoka.

"Mwonyeshe," baba akasema.

"Simu yako iweke hapa kaunta kwanza," nikamwambia mgeni.

Ilikuwa kiswaswadu, hakina hata kamera. Nikakichukua hivyo hivyo.

Nikaitoa picha kwenye droo, nikafungua karatasi laini, nikaishika mwenyewe kwa ncha za vidole. Yeye akaweka mikono nyuma asije akaigusa. Akaangalia. Akainama, akaangalia tena, muda mrefu mpaka mikono yangu ikaanza kuchoka. Nilikuwa nimeshaliandaa jibu langu. Nilingoja tu machozi yaanze.

"Si yeye," akasema.

Nikadhani sikusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Huyu si mama. Mama alikuwa na mwanya hapa. Huyu anacheka na hana mwanya." Akarudi nyuma hatua moja. "Ni mzuri, lakini si yeye. Asante, dada. Samahani kwa usumbufu. Mzee, Mungu akubariki."

Akachukua simu yake, akatoka.

Nilifurahi. Naandika hili kwa aibu, lakini nilifurahi: picha imebaki, mkataba umebaki. Nikaifunga tena kwenye karatasi yake. Baba akaniuliza kutoka nyuma ya pazia:

"Mama yake anaitwa nani?"

"Sijui."

"Hukumwuliza?"

"Baba, si amesema siye?"

"Wanawake wa dagaa niliwapiga wengi pale Ujiji, siyo mmoja. Wamo wote humo ndani kwenye makatoni, na kila bahasha ina jina."

Nilitoka mbio na ndala zangu, nikawapita mafundi cherehani mpaka kituoni. Gari la Kasulu, linalopitia Kidahwe, lilikuwa limeshaondoka. Tapeli gani angeiona picha ile, tayari mkononi mwangu, akasema si yake? Nilikuwa nimemhoji kama askari, na kitu pekee ambacho kingemsaidia sikukiuliza.

Nimekwenda Kidahwe mara mbili. Mara ya pili nilimkuta mama mmoja anapukuchua maharage mbele ya nyumba, nikamwamkia, nikamwambia namtafuta mwanamke wa makamo hivi, kwao Burundi, mama yake alibeba dagaa Ujiji zamani. Hakuacha kupukuchua. Aliniangalia kuanzia viatuni.

"Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, mama. Nataka kumsaidia."

"Anaitwa nani?"

"Sikumwuliza."

"Wa nini kwako mtu usiyemjua jina?" Akapepeta maharage, akapuliza maganda. "Haya, basi picha yake unayo?"

Nikamwambia sina.