Mabega ya Bepari

Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kucheza ngoma kwa mshahara. Sisi tulikuwa Waarabu wa Tabora, kama watu walivyotuita, ingawa mama yake bibi alikuwa Mnyamwezi, na Kiarabu chetu nyumbani kiliishia kwenye salamu na sala. Baba aliuza nguo katika duka dogo karibu na soko. Mimi nilikuwa nimemaliza shule na kazi yangu ilikuwa kukaa naye nyuma ya meza, tukitazama rafu ambazo siku zile hazikuwa na kitu cha kutazama.

Siku moja gari lenye kipaza sauti likapita mtaani kutangaza kwamba mkoa unaunda kikundi cha utamaduni. Vijana wenye vipaji wajitokeze, watafundishwa ngoma, nyimbo na maigizo, na watakaofanya vizuri watachukuliwa Dar es Salaam kwenye kikundi cha taifa, waajiriwe kama wafanyakazi wengine. Nilikuwa nimewahi kuona ngoma ya manyanga ikichezwa pale stesheni, siku alipopokewa mgeni fulani wa serikali. Mchezaji mmoja alitimua vumbi mpaka likamfika kiunoni, na mgeni, ambaye tangu ashuke kwenye treni alikuwa akiangalia saa, akaisahau saa yake. Tangu siku ile nilitaka kuwa yule mtu.

"Ngoma?" Baba aliuliza. "Ngoma ni kazi?"

"Serikali itaajiri, baba."

"Serikali ikiajiri watu wa kulala, nawe utakwenda kulala?"

Mama alikuwa mlangoni akichambua mchele. "Mwache aende," alisema. "Humo dukani mnauza nini? Mnauziana hewa."

Baba alirudi kutazama rafu zake, nami nikaenda.

Mazoezi yalikuwa kwenye ukumbi wenye bati lililotoboka, na uwanja wa vumbi nyuma yake. Tulikuwa na walimu wawili. Wa ngoma alikuwa mama mmoja mnene kutoka upande wa Usinge, tuliyemwita Mama tu. Alihitaji kiti chenye miguu ya kuaminika, lakini akisimama kucheza, ungedhani uzito wake wote umetuhamia sisi tunaomtazama. Wa maigizo alikuwa kijana aliyetoka chuo kikuu, mwenye suruali ya bugaluu iliyokuwa ikifagia uwanja kila alikopita. Huyo tulimwita Ndugu Mwalimu.

Siku ya kwanza Mama alitufunga njuga miguuni. Wenzangu walikuwa na miguu ya kulima. Miguu yangu ilikuwa ya kukaa dukani, na njuga ziliteleza mpaka kwenye visigino, zikawa zinalia kama kengele ya mbuzi aliyekata kamba. Mama alinitazama kwa huruma, akachana kitambaa, akanizungushia miguu kwanza ndipo akazifunga tena. Kisha akanipa vibuyu viwili vya manyanga, vyenye mbegu ndani.

"Tikisa mabega," alisema.

Nikatikisa mikono.

"Mabega, mwanangu. Mikono ni wageni tu, inafuata mwenyeji."

Nikajaribu tena. Akaja akaniwekea viganja vyake mabegani, akasubiri kidogo kama mtu anayepima joto la chai. "Yamelala," alisema. "Yamelala usingizi wa mchana. Nenda nayo nyumbani ukayaamshe."

Nilikwenda nayo nyumbani. Nikajifungia chumbani, nikasimama mbele ya kioo, nikaanza kutetemesha mabega kwa bidii zangu zote. Mama yangu mzazi alifungua mlango, akaniona, akapiga kelele. Kabla sijaeleza neno nilikuwa kitandani chini ya mablanketi, na vidonge vya klorokwini mdomoni.

"Mama, ni mazoezi!"

"Homa ikipanda ndivyo wanavyosema. Meza."

Waliowahi kumeza klorokwini wanajua kinachofuata. Mimi ni wa wale ambao dawa ile inawawasha mwili mzima. Asubuhi nilifika uwanjani sina raha, ngozi inanichoma mgongoni na kwapani, mahali ambapo mtu hawezi kujikuna mbele ya wasichana. Ngoma ilipoanza nikaona nafasi ya kujikunia humo humo ndani ya mchezo. Nilitikisika, nilijinyonga, nilirusha bega hili na lile. Mama alisimamisha wapigaji.

"Tazameni!" alisema. "Mabega yameamka!"

Muwasho uliisha siku ya pili, lakini mwili ulikuwa umeshajifunza njia. Wiki baada ya wiki Mama alinisogeza kutoka mstari wa nyuma hadi wa kati, na nikaanza kuona Dar es Salaam kwa mbali.

Hapo ndipo Ndugu Mwalimu alipoleta mchezo aliouandika. Ulikuwa mchezo wa nyimbo na ngoma juu ya kijiji cha ujamaa. Wakulima wanalima pamoja, wanavuna pamoja, kisha anakuja bepari kuwalaghai kwa bidhaa zake, nao wanamfukuza kwa majembe na manyanga. Alitupanga mstari mmoja, akapita akitukagua. Akafika kwangu. Akaitazama pua yangu, kwanza kwa mbele, kisha kwa upande.

"Wewe," alisema. "Bepari."

"Ndugu Mwalimu, mimi nimekuja kwa ajili ya ngoma."

"Utakuwemo kwenye ngoma. Wewe ndiye utakayefukuzwa nayo."

Nilivalishwa mto wa sufi tumboni na koti, nikapewa sigara nene ya karatasi. Nilifundishwa pia kucheka. Ndugu Mwalimu aliamini kwamba bepari anacheka kutoka kitovuni, kichwa kikiwa nyuma na mikono juu ya tumbo, na kwamba anacheka kila anapomwona maskini. Nilifanya mazoezi ya kicheko hicho nyumbani, nyuma ya duka, mpaka Baba akaja kuona kuna nini.

"Unamcheka nani?"

Nilimweleza. Akaniambia nimwonyeshe. Nilimwonyesha kicheko, mwendo na sigara. Baba alivuta kigoda akakaa.

"Huyu mtu ana duka?"

"Ndiyo, baba."

"Na wateja wake anawacheka hivyo?"

"Ndiyo."

"Sasa atakula nini?"

Nilitoa sigara mdomoni. Baba, ambaye tangu nianze mazoezi hakuwahi kuniuliza habari za ngoma, alisimama akavua kofia, akaifuta, akaivaa upya. Sidhani kama alikasirika kwa kuwa wafanyabiashara wanasemwa vibaya. Hilo alilizoea redioni. Kilichomuuma ni kwamba mtu yule hajui biashara.

Kuanzia siku hiyo, kila baada ya sala ya alasiri, Baba alinifundisha ubepari. Alichukua khanga moja iliyobaki dukani, akaitupa hewani ikafunguka yote na kutua begani kwangu, laini kama imewekwa na mkono. "Mteja asiulizwe kama anataka," alisema. "Ajikute ameshaivaa." Alinifundisha kuinama kidogo mtu anapoingia, kumwita mama kwa Kinyamwezi, kumuuliza hali ya mtoto kabla ya kutaja kitu chochote cha kuuza. Alinikataza sigara kabisa. Moshi unaingia kwenye nguo. Mama yangu alikuja kuigiza mteja, akawa mteja mgumu kuliko wote niliokutana nao maishani. Baba aliishia kubishana naye kweli kweli juu ya upana wa kitambaa.

Nilipoonyesha hayo uwanjani, Ndugu Mwalimu kwanza alikunja uso. Kisha akaanza kutembea huku na huku, bugaluu zikichapana. "Ndiyo!" alisema. "Bepari mtamu! Mwenye meno yaliyofichwa! Watamchukia mara mbili!"

Mama, kwenye kiti chake, alisema polepole, "Mimi nimeshampenda." Lakini Ndugu Mwalimu hakumsikia.

Onyesho la kwanza nje ya mji lilikuwa Ziba. Tulikwenda kwa lori, ngoma na watu vikigongana, tukafika wote rangi moja ya vumbi. Pamoja nasi alikuja bwana mmoja mkimya mwenye miwani, kutoka kile kikundi cha taifa, kuchagua watu. Kijiji kizima kilikusanyika uwanjani saa za mchana, na ng'ombe kadhaa pia. Mwenyekiti wa kijiji alikaa mbele pamoja na ofisa wa chama kutoka wilayani.

Wakulima wetu walilima, wakaimba, wakapigiwa makofi ya adabu. Kisha nikaingia mimi, na mto wangu, khanga ya dukani, na gunia la sukari tulilojaza mchanga.

"Mwangaluka, mayu!" nilimsalimia kwa Kinyamwezi mama mmoja wa mstari wa mbele, nikiinama. "Mtoto amepona kifua?"

"Bado kidogo," alijibu yule mama, na hakuwa mmoja wetu. Mtoto alikuwa mgongoni, na kweli alikohoa.

Nikaitupa khanga. Ikafunguka hewani, ikatua begani kwake. Uwanja wote ulivuta pumzi. Nikaendelea na maneno yangu kama yalivyoandikwa, "Nina sukari, nina chumvi, nina sabuni."

Tulikuwa tumesahau jambo moja. Duka la kijiji pale halikuwa limeona sukari kwa muda mrefu sana. Watu walisimama. Kabla sijafika sentensi ya pili, mstari ulikuwa umeundwa mbele yangu, wazee wakisema wao kwanza, akina mama wakitoa mabakuli ambayo sijui waliyatoa wapi. Muda ule ule wakulima wetu wakaingia na majembe na manyanga, wakiimba wimbo wa kunifukuza.

"Mwacheni!" watu walipiga kelele.

"Mnyonyaji, toka!" waliimba wakulima.

"Atoke vipi, hajauza?" Mama mwenye khanga alimshika kiongozi wa wachezaji mkono. "Mkimfukuza, sukari mtaleta nyie?"

Kiongozi wetu alikuwa mtu mwaminifu. Akasimamisha wimbo, akasema hapana, wao hawana.

Mwenyekiti wa kijiji alinyanyuka kutuliza watu. Alinyoosha mikono, akawaomba wananchi wakae, akanisogelea na kuninong'oneza, "Ndugu, usiimalize yote."

Nikajaribu kumwambia kuwa si sukari. Lakini mzee mmoja alikuwa ameshatia mkono guniani na kulamba kidole. Akatema. Akatazama kidole. "Mchanga," alisema.

Chuki ambayo Ndugu Mwalimu aliiandika kwa ajili ya ukurasa wa mwisho ilifika hapo, yote kwa pamoja. "Mwizi!" walisema. "Anauza mchanga!" Mzunguko ulinikaribia. Nilirudi nyuma mpaka nikagusa gurudumu la lori, na sikuona tena uso hata mmoja uliokuwa unaigiza.

Ndipo ngoma ikalia. Mama alikuwa amemnyang'anya mpigaji fimbo zake, anaipiga mwenyewe kwa nguvu zote. "Cheza!" alinipigia kelele. "Mabega!"

Nilicheza. Sikuwa na njuga wala vibuyu, nilikuwa na koti na mto. Mabega yalishika, na yaliposhika mto nao ukaanza kucheza wimbo wake mwenyewe, ukipanda kifuani, ukishuka, ukizunguka mpaka mgongoni. Mtu mmoja alicheka. Mto ukapasuka, sufi ikaruka juu ya uwanja, nami nikatokea katikati yake nimekonda kama ufito. Yule mzee wa mchanga alicheka mpaka akashikwa na wenzake. Vigelegele vikaanza. Mama mwenye khanga akaja kucheza mbele yangu, mtoto mgongoni, na mabega yake yalikuwa mazuri kuliko yangu kwa mbali. Baada yake wakaja wengine, na wakulima wetu wakajiunga kwa kukosa la kufanya. Tulicheza mpaka ng'ombe wakaondoka wenyewe. Bepari hakufukuzwa.

Ndugu Mwalimu nilimkuta ameketi kwenye ngazi ya lori, kichwa mikononi. "Ameshinda," alikuwa akisema. "Bepari ameshinda."

Ofisa wa chama alikuja na uso mzito. "Ndugu zangu, mchezo huu unafundisha nini?"

Mama alikuwa akijifuta jasho. "Ngoma," alimjibu. "Umeona mwenyewe walivyoelewa." Ofisa alitafakari, akasema tupunguze sukari, akaenda kula.

Yule bwana mkimya alinisubiri pembeni. "Nani alikufundisha kuongea na watu vile?"

"Baba yangu."

"Na mabega?"

Nikamwonyesha Mama.

"Kule mjini, kabla hatujapanda lori, nilikusikia pia ukijaribu kicheko. Nani alikufundisha?"

"Ndugu Mwalimu."

"Hicho kicheko uache," alisema, na hivyo ndivyo nilivyojua nimechaguliwa.

Nilikwenda Dar es Salaam nikiwa na uhakika wa kucheza manyanga mstari wa mbele. Nilicheza, mara chache. Miaka mingi nilikuwa mnyapara wa Kijerumani, gavana wa Kiingereza, kabaila, mlanguzi, na mara moja, mwenzetu alipougua, mbuzi. Nilifukuzwa jukwaani karibu kila mkoa wa nchi hii, na katika kila mmoja niliomba angalau nifukuzwe nikicheza.

Nilipokuwa nikirudi Tabora likizo, nilimkuta Baba dukani. Wateja wakimuuliza mwanawe anafanya kazi gani siku hizi, alikuwa akinyoosha mgongo. "Yuko Dar es Salaam," alisema. "Ni bepari wa serikali." Mama yangu alimkataza kusema hivyo mbele ya watu, hasa watu wenye kalamu mfukoni. Hakukatazika.