Mwanafunzi Wangu Hakuwa na Uzito

Mama anasema nilikuwa na njaa siku hiyo. Ndugu yangu anasema ni ukungu. Waseme. Mimi ndiye niliyeshika siti ya ile baiskeli kwa mkono huu, na kocha mwenyewe aliyasoma matope. Kama huniamini mimi, amini matope.

Ilikuwa Julai ya tisini na sita, nikiwa kidato cha tatu. Kila Jumamosi nilitembea kutoka Sarang'ombe, kule Kibera, hadi Kawangware kwa kozi ya baiskeli za mlima, zile za tairi nene na gia nyingi. Si ya kujifunza kuendesha. Kuendesha nilijua. Ilikuwa ya kuwa mwalimu, na mwalimu lazima aongee. Shida yangu ndiyo hiyo. Mimi hata nikiulizwa jina langu naangalia viatu.

Mtihani ulikuwa hivi: unakuja na mtu asiyejua, unampandisha baiskeli juu ya mteremko unaoshuka mtoni, unakimbia kando yake ukishika siti na kumwelekeza. Mkifika kwa jiwe kubwa unaachilia. Akikata kona peke yake na kufika chini, umepita. Kocha Wafula alingoja chini, kisha akapanda kusoma alama za tairi, maana alisema mdomo hudanganya, tairi haidanganyi.

Nilikuwa nimefeli mara mbili. Nilinong'ona "usiangalie jiwe," na mwanafunzi, kwa sababu nimelitaja, akaliangalia, akaliendea, akaanguka. Kocha hakunikaripia. Aliniambia, "Mwonyeshe mahali pa kwenda. Mahali pa kuanguka anapajua." Lakini ukifeli mara ya tatu, kozi imekuishia. Oti, mwenzetu wa kozi, alinishauri nilete kiziwi, eti hatakosa kitu.

Siku ya mara ya tatu, binamu yangu aliyeahidi kuja hakuonekana. Wenzangu wote walikuwa wameshateremka. Nikabaki juu peke yangu, saa tatu asubuhi, na ukungu mzito hadi jiwe silioni. Filimbi ikalia chini. Zamu yangu. Ungefanya nini? Mimi nilitaka kulia.

"Nifundishe mimi," mtu akasema.

Alikuwa mama wa makamo, sweta ya kijani, kitambaa kichwani, miguu mitupu. Kulikuwa na matope kila mahali na miguu yake ilikuwa safi. Niliona, usidhani sikuona. Lakini filimbi ililia tena. Nikamuuliza kama amewahi kuendesha.

"Kidogo. Kila mara naishia pale kwa jiwe. Sijawahi kufika chini."

Akapanda. Baiskeli haikubonyea hata kidogo, ni kama imeanikwa shati. Nilipoweka mkono chini ya siti, baridi ilipanda hadi begani. Hapo nikajua. Unajuaje? Sijui, lakini unajua. Nilitaka kurudi Kibera mbio. Kitu kimoja tu kilinizuia: yeye alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Tukashuka.

"Macho kwa kona, mama. Viwiko nje. Makalio nyuma."

Sauti iliyotoka sikuitambua. Ilikuwa kama ya makanga wa matatu akiita abiria pale stendi ya 56. Jiwe likatokea kwenye ukungu, na kichwa chake kikaanza kuligeukia.

"Kwa kona, mama. Kona ni yako."

Akainua uso. Nikaachilia.

Nilikimbia nyuma yake hadi chini na kuwakuta wenzangu wote wakiikodolea macho baiskeli. Wao waliona baiskeli ikitoka kwenye ukungu bila mtu, ikalala kidogo kwa kona, ikanyooka, ikapunguza mwendo, ikaegemea polepole ukuta wa ploti, zile nyumba za kupanga. Oti alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili. Mimi nilimwona mama akishuka. Akatazama alikotoka, akacheka kidogo.

"Kumbe ni karibu hivi," akasema, akaelekea mtoni. Sikumwona tena.

Kocha alipanda hadi kwa jiwe, akainama, akarudi akifuata alama moja moja. Alichukua muda.

"Baiskeli tupu huanguka kabla ya kona," akasema. "Hii imekata kona, na breki imeshikwa mahali pake." Akanigeukia. "Umepita."

Nilipiga kelele hadi watu wakafungua milango ya ploti. Mimi.

Tangu siku hiyo kiganja changu cha kulia ni baridi, hata nikishika kikombe cha chai ya moto. Sijali. Kila Jumamosi nafundisha watoto wa Kibera na Kawangware kwa sauti ile ile, na Oti ananiita kocha bila kutania.

Lakini wewe unayesoma, sikia. Siku ukishika siti ya mtu na usisikie uzito, usimwachilie kwa sababu unaogopa. Mfikishe kwa jiwe kwanza.