Fundi Alisema Mama Anachelewa

Watu husema hasira ni hasara. Yangu nimeitunza tangu miaka ya sabini na sijaona hasara yake, maana nilichokuwa nacho cha kupoteza, fundi alikwisha kunipotezea.

Tulikuwa watatu, na hakuna kati yetu aliyekuwa mwanamuziki wa kuitwa mwanamuziki. Mimi nilifundisha darasa la tatu karibu na Nambale na nilipiga gitaa, jambo lililowafanya wanaume wengi waniulize ni nani aliyenipigia. Fundi alikuwa mshonaji wa nguo, Mteso kwa kabila, wa Malaba, cherehani yake iko barazani mwa duka la mtu mwingine. Alipiga gitaa kunishinda, ingawa sikumwambia. Wa tatu alikuwa na duka mjini Busia, mtu wa msikitini, mpole, muuzaji wa mafuta ya taa, betri na kaseti. Akishafunga duka alipuliza kinanda cha mdomo mpaka mkewe amwite kula.

Desturi yetu ilikuwa kaseti moja izunguke. Ukirekodi wimbo nyumbani, unaifunga kwa gazeti na kumpa kondakta wa basi. Anayeipokea anasikiliza mpaka mwisho, anahesabu kumi kimya, kisha anarekodi maoni yake kwa mdomo wake mwenyewe, palepale wimbo unapoishia. Kasoro kwanza, sifa baadaye. Fundi ndiye aliyeiweka sheria hiyo. Alisema mtu anayeanza na sifa hana analotaka kukuambia. Niliikubali, tena niliipenda, na kwa hilo pia najikasirikia.

Mgongoni mwa kaseti kuna vipande viwili vidogo vya plastiki. Ukivivunja, mashine haiwezi tena kurekodi juu ya kilichomo. Sisi hatukuvivunja. Maoni yangeingia wapi?

Halafu kulikuwa na shida ya betri. Siku hizo ng'ambo, Uganda, maduka yalikuwa matupu, kwa hiyo sabuni, chumvi na betri zote zilizofika Busia zilipitia njia za panya zikavuka. Mwenzetu wa duka alituwekea chache chini ya meza, na tulizionea huruma kama wagonjwa. Kurudisha kaseti nyuma kwa mashine kulikula betri, basi tulichomeka kalamu ya biro kwenye tundu na kuizungusha kwa mkono, tukihesabu mizunguko. Tulijiona wajanja sana.

Mama yangu aliishi Marachi, upande wa Butula. Alikuwa na wimbo wa Kiluhya wa kupalilia wimbi, yaani ulezi, alioupata usichanani, na nilimsihi miezi mingi auimbe nirekodi. Alikataa. Alisema wimbo wa jembe hauimbwi na mtu aliyekaa. Hatimaye nilielewa. Nikaitoa mashine uani, nikaiweka juu ya kinu kilichopinduliwa, naye akasimama na jembe lake mkononi. Aliimba akilipiga ardhini, nami nikamfuata kwa gitaa.

Sehemu ya kwanza kila mtu wa kwetu anaijua. Ya pili aliitunga palepale. Aliwaita wanawake waliokuwa wakipalilia naye mstari mmoja alipokuwa msichana. Hakuwataja kwa majina, kwa sababu wengine walikuwa wamekufa na wengine wameolewa mbali asikokujua. Aliwaita kwa tabia zao: yule wa jembe fupi, yule anayecheka kabla kisa hakijaisha, yule anayeficha viazi kwenye leso. Walikuwa saba. Alipomaliza aliegemea mpini.

"Basi," alisema. "Nimewaita wote. Hao watu wako watasikia?"

"Watasikia, mama. Na watakwambia."

Kaseti ikaenda Malaba. Kutoka huko ingefika Busia, na mwenye duka, aliyekuwa na mashine mbili, angeinakili. Lakini fundi alijua jinsi nilivyokuwa na haraka, akanirudishia mimi kwanza. Sikuifungulia shuleni. Niliipeleka hivyo hivyo kwa mama Jumamosi, nikitaka tuisikie pamoja. Lo, ujinga wangu! Mama alikuwa amewaita wanawake watatu wa kanisani. Alikuwa amechemsha chai na kukaanga njugu, na amejifunga kitambaa chake cha Jumapili kichwani ili ajisikilize akiwa nadhifu.

Nikabonyeza. Gitaa likaanza. Mama akaimba mistari miwili, wale wanawake wakapiga makofi. Kisha mashine ikafanya *tak*, na sauti ya fundi ikajaa sebuleni.

"Madam, kasoro kwanza. Gitaa iko sawa. Lakini huyu mama anachelewa. Kila mstari anachelewa. Gitaa imefika, yeye bado ako njiani. Unajua si kila mtu ni wa kuimba kwa kaseti. Mwambie apumzike, urudie wewe peke yako. Hebu sikia vile inafaa kwenda."

Akaanza kupiga gitaa lake, safi, haraka, wimbo wa mama yangu bila mama yangu.

Niliizima kwa kofi. Nilijua tayari kilichotokea. Fundi akipewa mashine huongea mpaka betri ilie, na maoni yake marefu, pamoja na gitaa lake la kujionyesha, yalikuwa yamelala juu ya wimbo. Hata hivyo nilichomeka biro nikasogeza mbele, nikasikiliza kidogo, nikasogeza tena. Kila mahali palikuwa na fundi.

Mama alikifungua kitambaa chake, akakikunja mara mbili, akakiweka juu ya paja.

"Kumbe nachelewa," alisema.

Akatoka kwenda kuchuma mboga. Wale wanawake walikunywa chai bila kutazamana, na njugu zikabaki.

Jumatatu sikwenda darasani. Nilikwenda Malaba. Nilimkuta anashona mfuko wa suruali, biro imechomekwa mfukoni mwa shati.

"Yoga, madam," alinisalimu kwa Kiteso akitabasamu. "Umesikia maoni?"

"Umemfuta mama yangu."

Alipoelewa, alitoa biro ile akaitazama.

"Nilizungusha mbele mara arobaini, nifike mwisho wa wimbo. Nilihesabu, haki ya Mungu. Betri ilikuwa imeisha kidogo, nikasema nisiimalize."

"Na nani amekwambia anachelewa? Jembe linashuka kwanza, ndiyo aimbe! Hukusikia jembe?"

"Nilisikia kitu. Nilidhani ni mtu anatwanga huko nyuma."

Anatwanga! Nilimwambia maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua, mbele ya wateja wake, na mengine nikayaongeza nikiwa barabarani, nikirudi. Sikujuta hata moja.

Mwenye duka alijaribu kutupatanisha. Aliniwekea kaseti mpya mkononi akakataa kulipwa.

"Dada, msamehe mwenzako. Kuteleza si kuanguka."

"Aliyeteleza ni yeye," nilimjibu. "Aliyeanguka ni mama."

Kaseti ile mpya niliichukua, lakini mzunguko wetu ulikufa siku hiyo. Nilimsihi mama aimbe tena, nikampelekea mashine Krismasi, nikampelekea Pasaka. Alinijibu vile vile kila mara, bila ukali: "Huyo mtu wako alisema nipumzike. Nimepumzika." Alipalilia akiwa kimya. Miaka ile ya sabini haijaisha, akafa, homa ya siku nne tu.

Kwenye matanga wanawake walitaka kuuimba wimbo wake. Sehemu ya kwanza waliiimba vizuri. Ilipofika ya pili walinigeukia mimi, mtoto wake, mwenye gitaa. Nilikumbuka watatu kati ya wale saba. Siku ile uani nilikuwa nimeangalia vidole vyangu, nisije nikakosea mbele ya fundi.

Baada ya mazishi niliitoa kaseti ile ya zamani. Sijui nilitafuta nini. Niliiacha izunguke yenyewe, betri zikaliwa, na kwa mara ya kwanza nikamsikiliza fundi mpaka mwisho. Gitaa lake lilikwisha. Akakohoa.

"Sasa sifa. Hiyo sehemu ya pili ya mama, madam, nimesikiliza mara sita. Mteja amekuja kuchukua nguo nikamwambia angoja. Mwambie mama ahsante."

Ilikuwa humo miaka yote. Mama hakuisikia, kwa sababu mimi niliizima kwa kofi.

Nilichukua mashine na ile kaseti ya mwenye duka, ambayo sikuwa nimeigusa, nikaenda Malaba. Fundi alikuwa amezeeka kidogo machoni. Aliponiona alisimama, akavua tepu ya kupimia shingoni.

"Mama amekufa," nilimwambia. "Unaikumbuka ile sehemu?"

Alichukua rula yake ndefu ya mbao, akangoja nibonyeze, akaigonga sakafuni, akaimba. Kiluhya chake kilikuwa cha sokoni, na sauti yake ilikuwa ya mwanamume aliyevuta sigara nyingi. Akamwita yule wa jembe fupi. Akamwita yule wa kucheka mapema. Akamwita anayeogopa chura, anayepalilia akinyonyesha, anayetembea na mdogo wake hata kisimani, anayeanza wimbo wengine wakiwa bado wanakula. Akamaliza na yule wa viazi kwenye leso. Wote saba. Rula ilishuka kwanza, ndipo sauti ikaja, mstari baada ya mstari.

Wimbo uliisha. Kwa mazoea, nikahesabu kumi. Alinitazama akingoja kasoro, kwa kuwa sheria ilikuwa yake.

Nilitafuta. Mungu anajua nilitafuta kwa bidii yote niliyokuwa nayo. Alichelewa palepale alipochelewa mama, na kwa kiasi kile kile.

"Hakuna," nikamwambia, na hasira ikanipanda upya, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nikaitoa kaseti, nikavivunja vile vipande viwili kwa meno, mbele yake.