Ua Linalokula Usiku

Asubuhi ile Niyitegeka alikata ncha ya jani kwa kucha, akaigawa. Nusu akaitia mdomoni, nusu akampa mumewe.

"Onja."

"Kwani mimi mbuzi?"

"Mbuzi angekuwa ameshamaliza. Onja, mzee."

Makarius akaonja. Uso ukamkunjamana. Lilikuwa chachu kama ndimu changa. Mkewe akacheka mpaka akashika mlango. Ukungu wa Kasulu ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Niyitegeka akasema neno moja juu ya lile jani, Makarius akaitikia tu, maana uji ulikuwa tayari.

Siku tatu baadaye walimzika Niyitegeka.

Alizaliwa Titye, kwa watu wa maharage na mihogo. Shule hakuiona, kama mumewe. Mwaka kambi ya wakimbizi ya Nduta ilipofunguliwa tena, alikuwa Kibondo kwa dada yake. Akakuta miti imelazwa kando ya njia, na kwenye matawi kuna yale maua yanayoota mtini bila udongo, mizizi inaning'inia hewani kama vidole. Wenye vitabu wanayaita okidi. Yeye aliyaita wageni.

"Mti umekufa," alisema, "mgeni wake ana kosa gani?"

Akapanda basi na tawi zima mapajani.

"Mama, nyasi hizo unampikia nani?" konda akamchokoza.

"Mume wangu. Kabaki na meno manne, anapenda laini."

Basi zima likacheka. Kila aliposimulia kisa hicho, meno ya Makarius yalipungua.

Aliyafunga kwa kamba za mgomba kwenye mparachichi wa uani. Yenye majani membamba aliyaweka kivulini, akayanyunyizia asubuhi. Yenye majani manene, magumu kama ngozi, aliyaweka pembeni penye upepo, akayanyunyizia jua likizama. Félicité, mwalimu Mkongo wa kambi ya Nyarugusu, alikuja kununua maparachichi, akasimama akitazama.

"Maman, nani alikufundisha hii?"

"Ulimi. Haya manene asubuhi ni machachu. Jioni hayana ladha. Nikajua usiku yanapata kitu."

Félicité akapiga makofi. "Ni kweli! Majani iko na vinywa vidogo, hauwezi kuviona. Hii membamba inafungua mchana. Hii minene mchana inafunga, ili jua isimalize maji yake. Usiku baridi ikikuja inafungua, inavuta hewa, inaweka akiba. Ile akiba njo ule uchachu unaonja. Kesho jua inaipika, kinywa kimefungwa."

"Kumbe kama mama mkwe wangu," Niyitegeka akasema. "Yeye alikula usiku, watu wakishalala."

"Mwache mama yangu apumzike," Makarius akasema, huku anacheka.

Baada ya maziko uani palikuwa kimya. Makarius alibaki na wageni wa mkewe, na mmoja hasa: lile ua la tawi la Nduta. Majani yake manene, maua yake meupe, harufu yake huja jioni, polepole, kama mtu anayerudi kutoka kisimani. Huo ulikuwa mwezi wa sita, baridi inauma. Makarius hakuweza kuliacha nje.

Kila jioni alilifungua mtini, akaliingiza jikoni karibu na mafiga, akalifunika kitenge cha marehemu, akafunga mlango. Yeye mwenyewe alilala hapohapo, maana kitanda kilikuwa kipana mno. Kati ya usingizi na moshi alimwona Niyitegeka akipita na kata ya maji, miguu haigusi chini. Asubuhi alilirudisha mtini, akalinyunyizia pamoja na mengine yote.

Majani yakaanza kukunjamana. Akaongeza maji. Yakawa ya manjano. Akaongeza moto. Likifa hili, aliwaza, nitakuwa nimemzika mara mbili.

Alfajiri moja, jivu likiwa bado lina joto, aliinua kitenge akalitazama. Mkono wake ukakata ncha ya jani kwa kucha, wenyewe tu. Akatafuna.

Hakuna kitu. Kama karatasi.

Akakaa kwenye kigoda. Basi ua lilikuwa linalala njaa. Siku zote zile, yeye akilifunika na kulipasha joto, lenyewe lilikuwa limefumba kinywa humo humo ndani, linangoja baridi isiyokuja.

Asubuhi ile hakulinyunyizia. Jua lilipozama, alilifunga mahali pake pembeni penye upepo, akalimwagia maji kidogo. Kitenge akakikunja. Kuliacha kulimshinda mara mbili. Alifika mlangoni akarudi, akafika tena akarudi. Mara ya tatu akaingia, akalala kitandani, upande wake. Dirisha aliliacha wazi. Baridi ikaingia, na pamoja nayo harufu ya mparachichi uliolowa.

Alionja kila alfajiri. Ya kwanza, karatasi. Ya pili, karatasi. Ilipofika ya tisa, ukungu umelala juu ya migomba, uso wake ukakunjamana.

Chachu. Ndimu changa kabisa.

Akageukia mlango, kama vile kuna mtu pale ameshika mlango anacheka. Machozi yakamtoka, na ulimi bado una uchachu. Neno ambalo asubuhi ile aliliitikia tu, sasa alilisikia lote, kama alivyolisema Niyitegeka akiwa ameinamia sufuria:

"Hili usilionee huruma kwa baridi, mzee. Likiwa chachu asubuhi, ujue usiku lilikula likashiba. Wewe njoo unywe uji."