Wikiendi yetu ya soul mkoani Mara imefika mwisho, na kilichoimaliza ni harusi

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Humu mimi ni msomaji tu. Nikichangia sana ni kwenye mambo ya pikipiki, kwa sababu nauza spea Bunda mjini. Leo nina la kwangu. Sijatia chumvi, ila majina nimebadilisha maana mkoa wetu watu wanajuana.

Tulikuwa na wikiendi yetu. Kila mwaka mwezi wa nane, Ijumaa tunaanzia Bunda, Jumamosi Musoma, Jumapili tunamalizia Butiama. Imekwenda hivyo zaidi ya miaka ishirini.

Muziki ni mmoja tu, soul za zamani. Zile za Wamarekani weusi, enzi mwanaume analia kwenye kipaza sauti na hakuna anayemcheka.

Aliyeanzisha ni Mzee Masatu wa Butiama, fundi redio mstaafu. Santuri zake nyingi ziliingia kupitia Sirari zikitokea Kenya, na ukigusa moja bila ruhusa unanuniwa mpaka mwakani.

Ijumaa ilikuwa ya kupasha tu. Uani kwenye baa moja, mbuzi choma, watu wanakaguana nani kanenepa na nani kaota mvi.

Jumamosi ndiyo ilikuwa yenyewe. Ukumbi karibu na ziwa, wazee wametoa suruali za bugaluu na viatu vya raizoni kwenye masanduku, na mama mmoja wa Murangi haji bila ndoo ya sato wa kukaanga.

Jumapili baada ya misa tunakwenda kwa Mzee Masatu. Ugali wa muhogo na mtama, nyama, mtindi. Halafu saa nane mchana, jua linawaka, ndipo anapiga slow.

Ndiyo wakuu, slow saa nane mchana. Jumatatu kuna maduka ya kufungua na ng'ombe wa kukamua. Mtu akipita barabarani akaona watu wazima wamekumbatiana uani na mbuzi wanakatiza katikati, lazima aulize msiba ni wa nani.

Sasa kulikuwa na sheria moja. Slow huchezi na wa kwako.

Mkeo unamwachia mwingine, wewe unaazima wa mwenzio, wimbo ukiisha unamrudisha kwa mwenyewe na unashukuru. Mzee Masatu aliiweka kwa sababu mwaka wa kwanza wenye wenza walicheza, na sisi wengine tukabaki kulinda soda.

Mimi sijaoa. Hakuna kisa kikubwa. Kaka yangu alifariki akaniachia mwanae Wambura, nikamlea, miaka ikapita. Sasa Wambura ni mtu mzima, anafanya kazi Mwanza, na nyumbani kwangu redio ndiyo inayoongea kuliko mimi.

Kwa hiyo ile sheria kwangu ilikuwa kitu kikubwa. Siku moja kwa mwaka kulikuwa na mtu wa kuniwekea mkono begani. Mcheke mkitaka, ukweli ndio huo.

Mtu mwenyewe ni Mama Neema, mjane wa Mugango, muuza vitenge. Mara ya kwanza ilitokea tu, yeye hana wa kumwazimisha na mimi hivyo hivyo. Mwaka uliofuata nikamfuata mwenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyejisumbua kumwomba tena.

Hatukuwa waongeaji. Ananiuliza biashara inakwendaje, namuuliza mvua huko imeshika. Wimbo ukiisha anasema, "Asante, Bunda," maana aliniita kwa mji wangu. Mimi ninarudi nyumbani na hiyo asante naishi nayo mwaka mzima.

Tuje kwenye kilichoiua wikiendi.

Watu wakikutana kila mwaka na watoto wao, watoto nao wanakutana. Wanabeba maspika pamoja, wanapewa namba za simu. Kijana wa Mzee Masatu akamuoa binti wa Chacha, rafiki yetu wa Musoma. Tulifurahi sana, tukasema wikiendi imezaa.

Mwaka wa baada ya harusi mke wa Chacha hakuingia ukumbini. Mkwewe alikuwa ndani, ndiye anayepanga santuri.

Wasiojua kwetu niwaeleze. Mkwe si mtu wa kuzoeana naye. Makabila ya Mara yanatofautiana kidogo, lakini watu wa umri wetu, mama mkwe hali mbele ya mkwewe wa kiume, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja anapisha. Hata wazazi wa pande mbili wanaheshimiana kwa mbali. Kumkumbatia mkweo kwenye slow, hicho ni cha kuitiwa kikao cha ukoo.

Basi mke wa Chacha akala samaki wake barazani. Mwaka uliofuata akapata mwenzake, maana kulikuwa na harusi nyingine. Halafu nyingine. Baraza likajaa, ukumbi ukapwaya.

Tulijaribu kupanga zamu, wakwe wa kiume waje Ijumaa na wa kike Jumamosi. Ikashindikana, kwa sababu mtu mmoja alikuwa mkwe kwa huyu na baba mkwe kwa yule, hajui siku yake ni ipi.

Mwaka huu Mzee Masatu akatuma ujumbe wa sauti kwenye grupu. Alikohoa kwanza, halafu akasema, "Tumekuwa ndugu. Ndugu hawachezagi slow. Njooni mwezi wa nane tufunge."

Niliusikiliza nikiwa dukani. Nikaona wazi kwamba hakutakuwa na Jumapili nyingine ya kunikutanisha na Mama Neema. Nikaamua mwaka huu nitamwambia. Sina watoto wa kuzaa, sina mkwe hata mmoja, hakuna kinachonizuia. Nilishona hadi shati.

Kabla mwezi haujafika, Wambura akaja kutoka Mwanza. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akasubiri duka litulie.

"Baba mdogo, nimepata wa kuoa. Unamjuaga. Ni Neema, wa Mama Neema wa Mugango."

Nilikuwa nimeshika cheni ya pikipiki, nikaendelea kuishika. Nilimuuliza kama anampenda kweli. Akasema ndiyo. Nikamuuliza tena, nikiomba Mungu asite hata kidogo. Hakusita.

Wakuu, hapo hesabu ilikuwa nyepesi. Mimi nikimuoa mama, wale wanakuwa ndugu na ndoa yao imekufa. Wao wakioana, mama ni mkwe wangu mpaka kaburini. Hakuna njia ya katikati.

Wambura hakujua lolote. Hakuna aliyejua, kwa sababu sikuwahi kumwambia mtu. Wao walikuwa wameshasema yao na mimi yangu bado ilikuwa tumboni. Nikamwambia sawa mwanangu, nitasimama kama baba yako.

Nikafuata utaratibu. Nikatuma salamu kwa shemeji yake Mama Neema huko Mugango kwamba wazee wa kwetu wana shughuli ya posa. Baadaye wazee wawili wakaenda, wakapokelewa vizuri, posa ikakubaliwa. Mimi sikwenda, baba haendi.

Lakini moyo ni mjanja. Nikaanza kujiambia kwamba mahari bado, na kama mahari bado, basi ukwe nao haujakamilika. Labda wimbo mmoja wa mwisho unawezekana. Nikaenda kwenye wikiendi na shati langu na hesabu hiyo.

Ijumaa Bunda tulikuwa wachache. Jumamosi Musoma ilinichoma roho. Mzee Masatu anapiga nyimbo nzuri kuliko zote, ndani kuna watu wa kuhesabu kwa vidole, na nje baraza limejaa watu wametazama ziwani ili wasionane na wakwe zao, mabega yanacheza.

Jumapili wakaja wengi, wakakaa kwa mafungu uani. Mzee akatangaza slow ya mwisho. Hakuna aliyenyanyuka.

Halafu nikamwona Mama Neema anasimama kutoka kwa wanawake. Akaanza kuja upande wangu. Nami nikasimama, nikisema moyoni kumbe naye ana hesabu kama yangu.

Akaishia mbali kidogo, pale sauti inapofika bila kupaza. Akajifunika mabega kwa kitenge, akaangalia chini.

"Mkwe, habari za Bunda."

Nikamwambia salama, mkwe.

Halafu akasema pole pole, "Shemeji aliponiambia wazee wa kwenu wanaleta posa, hakusema ni ya nani. Neema alinipigia jioni kuniambia ni yake. Mchana mzima nilijua ni mimi."

Alinisubiri kidogo, nafikiri alinisubiri.

"Mtutunzie mtoto," akasema, akarudi alikokaa.

Wimbo ukaisha. Mzee Masatu akainua sindano na kuanza kurudisha santuri kwenye makasha yake, na watu wakaanza kuulizana usafiri.

Nimerudi Bunda. Duka linakwenda vizuri. Wambura anapiga simu kila siku siku hizi, ana furaha, na mimi namfurahia kweli, msidhani vinginevyo. Ila akikata simu naona nyumba ilivyo kubwa.

Kinachoniumiza si kwamba nilimwachia Wambura. Ningemwachia hata leo. Kinachoniumiza ni kwamba ule mchana mmoja pale Mugango Mama Neema alikuwa na furaha kwa ajili yangu, na mimi nilikuwa dukani nauza plagi, sina habari.

Nilichojifunza ni kifupi. Kama una neno na mtu, mwambie. Ile kusema "mwakani" inategemea kuwe na mwakani, na kuwe bado ni wewe na yeye tu mnaohusika. Sisi wa kimya huwa tunadhani mwenzetu hajui. Anajua, anasubiri, na ana mipaka yake.

Uwanja ni wenu wakuu. Waliowahi kuja kwenye wikiendi yetu semeni mnakumbuka nini, nitasoma yote, jioni sina kazi nyingine. Wenye kisa kinachofanana nacho wakilete.

Naomba tu asitokee wa kuniambia nimfuate nikaongee naye. Harusi ni mwezi wa kumi na mbili, na kwenye kadi jina la baba wa bwana harusi ni la kwangu.